Kidude cha Baridi

Jumatatu, 9 Juni

Klachi ya lori la mbao, siku ya pili. Mwenye lori anapiga simu kila saa. Nimemwambia akitaka haraka aje alale hapa chini anishikie taa. Amekata.

Saa saba Ambakisye kanifuata gereji, huku Ipogolo, chaki bado mikononi. Mume wangu ni mwalimu, hakanyagi gereji bila sababu. Sababu: Baba Mkwe anakuja Alhamisi toka Isongole, kuna harusi ya ndugu Jumamosi. Anakuja na pikapu. Inapoteza maji. Kasema niitazame mimi.

Mimi! Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kuniachia hata tairi. Fundi wake yuko Uyole. Nilikurupuka nikagonga kichwa kwenye chesisi. Sijali. Nundu ya furaha haiumi.

Mimi ni Mhehe wa hapa hapa Kihesa. Nilipoolewa kwa Wanyakyusa nilifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: mke wa mwana hasemi na baba mkwe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hataji jina lake. Wenyewe wanaita ukutila. Siku hizi wengi wameacha, wengine wanafuata nusu nusu. Kwa Baba Mkwe haijapungua hata robo. Namjua kwa kikohozi na viatu. Jina lake siandiki hata humu.

Alhamisi, 12 Juni

Amefika. Nilisikia kikohozi getini nikatoka kwa mlango wa nyuma, nimebeba sufuria ya wali, kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Binti yetu Neema kacheka. Nimemfinya kidogo.

Maagizo yamekuja kwa Ambakisye, neno kwa neno: "Kaza palipolegea. Usiondoe kitu. Aliyeiunda hakuwa mjinga."

Sawa.

Pikapu ya dizeli, ya zamani kuliko ndoa yangu. Anaitunza mpaka unaona haya kuishika. Chini ya boneti hakuna hata vumbi. Maji yanavujia kwenye kidude cha baridi. Ndivyo tunavyokiita mafundi. Ni kibonge cha aluminiamu, kama ngumi, kimeshikizwa ubavuni mwa pampu ya dizeli. Mipira miwili myembamba ya maji inaingia na kutoka. Ndani kuna nta. Injini ikiwa ya baridi, nta inasinyaa, kidude kinavuta mkono wa pampu, injini inakwenda mbio yenyewe bila dereva kukanyaga mafuta. Maji yakipata moto, nta inavimba, kinaachia. Basi. Kazi yake ni hiyo tu, ya dakika chache za asubuhi.

Kimepasuka. Ufa mwembamba kama unywele.

Ijumaa, 13 Juni

Nimezunguka maduka yote ya spea. Hakuna. Mmoja kanicheka, kasema hicho hata yeye hajakiona tangu aanze kuuza. Mwingine kasema kiagizwe Dar, wiki mbili, labda tatu. Baba Mkwe anaondoka keshokutwa.

Ningemwambia Ambakisye amwambie hivyo. Asubiri, au arudi nayo inavuja, ajaze maji njiani. Ilikuwa rahisi.

Nimekitoa.

Bosi wangu wa kwanza, kule Dar, alinifundisha mwaka wangu wa kwanza wa ufundi. Kidude cha watu wa theluji, alikuwa akisema, huku hakina kazi ila kuvuja. Nimetoa vingi. Sijawahi kurudishiwa gari hata moja. Nikakata kibati, nikaweka gasketi, nikaziba tundu. Ile mipira miwili nikaiunganisha kwa kipande cha bomba. Dakika arobaini. Nikaiwasha pikapu saa saba, jua kali, Ipogolo. Ikawaka mara moja, ikatulia. Tone la maji, hakuna.

Kuna neno moja la kumwambia dereva ukishatoa kidude hiki. Asubuhi ya baridi, ukiwasha, kanyaga mafuta robo, shikilia dakika mbili, usiachie mpaka injini ishike joto. Vinginevyo haikai. Inawaka, inazima.

Sijalisema. Nikilisema, nitaulizwa kwa nini. Na kwa nini yake ni kwamba nimeondoa kitu, na aliniambia nisiondoe. Nilitaka asikie "tayari" tu. Nilitaka akawaambie watu wa Isongole kwamba mkwe wake ni fundi. Ndiyo hivyo. Humu sitajidanganya.

Ukutila umenisaidia sana leo. Nimejificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya kanga.

Jumapili, 15 Juni

Kaondoka baada ya ibada. Kamwambia Ambakisye haijavuja hata tone toka Kihesa mpaka kanisani na kurudi. Kaacha gunia la viazi na mkungu wa ndizi mlango wa jikoni. Kavileta mwenyewe. Alipofika karibu akakohoa, nipate muda wa kujibanza. Nikajibanza nyuma ya jiko. Kupitia upenyo niliona viatu vyake, vile vyeusi vya kanisani, vimesimama pale muda. Sijui alikuwa anafikiri nini.

Nimelia kidogo. Nikasema ni moshi.

Kidude kiko gereji, kwenye kopo la maziwa ya unga, rafu ya juu.

Jumanne, 24 Juni

Baridi imeanza kweli. Kihesa asubuhi ukungu mtupu, Neema kaenda shule kavaa masweta mawili.

Simu ya Lusajo. Ni shemeji yangu, mdogo wake Ambakisye. Yuko pale pale nyumbani Isongole na mke wake na watoto wawili. Ndiye anayeendesha pikapu kila asubuhi, anakusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka kituoni. Ndiyo riziki yake. Na huyu nazungumza naye kama kawaida, hana ukutila wowote. "Kamwene, Shemeji Fundi," ananisalimia Kihehe chake cha kuvunja mbavu.

Leo hakutania sana. Pikapu inazima asubuhi. Inawaka, inazima. Mara tano, mara sita. Sakitu, ile barafu ya alfajiri, imeanguka mpaka majani ya viazi yameungua.

Nyuma yake nikasikia kikohozi. Baba Mkwe alikuwa hapo hapo.

Nikasema: badilisha chujio la dizeli.

Chujio! Mdomo wangu huu huu.

Alhamisi, 3 Julai

Lusajo tena. Kabadilisha chujio. Bado. Sasa na betri imeanza kuchoka kwa kupigwa stata kila siku. Nikamwambia ndiyo, itakuwa betri. Kaniamini. Kasema, "Asante, Shemeji, wewe ndiye tegemeo."

Uongo wa tatu. Wa kwanza ulikuwa unanyamaza, wa chujio na huu unaongea.

Jioni nikamwandikia ujumbe. Asubuhi kanyaga mafuta robo, shikilia dakika mbili. Hata kidude sikukitaja. Nikausoma mara tatu. Nikamwona akiuliza mbona zamani haikuhitaji hivyo. Nikamwona Baba Mkwe akiuliza. Nikaufuta.

Nitapiga Jumapili, kwa utulivu. Nitamwambia yote.

Jumamosi, 5 Julai

Simu saa moja na nusu. Ambakisye kapokea, kakaa chini kwenye kizingiti.

Baba Mkwe kavunjika mguu. Pikapu imempanda.

Jumapili, 6 Julai

Tumeondoka Ipogolo na basi la alfajiri. Chimala watu walishuka kununua mchele, Ambakisye kaniuliza tununue, nikatikisa kichwa. Kwenye mkoba nina kidude, nimekifunga kwa kitambaa cha gereji. Nilikipitia kabla hatujapanda. Sijui kwa nini nimekibeba. Kizito kuliko nilivyokumbuka.

Mama Mkwe ametusimulia, tumekaa kwenye benchi la hospitali, Mbeya mjini. Jana asubuhi ndoo za maziwa za majirani zilikuwa tayari nyuma ya gari. Lusajo akapiga stata mpaka betri ikafa. Akaenda kwa jirani kuazima nyingine. Baba Mkwe akachoka kungoja. Pale kwao kuna mteremko. Akafungua mlango, akaachia breki ya mkono, akawa anasukuma kwa bega ili ishike mwendo arukie ndani. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Akateleza. Tairi la nyuma likapita juu ya mguu, chini ya goti. Pikapu ikaenda kusimama kwenye viazi.

Ana miaka sabini na moja.

Wodini siruhusiwi kuingia; si manesi wanaonizuia, ni ukutila. Nilisimama nje na chupa ya chai. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikaona kitanda, nikaona miguu. Mmoja umefungwa plasta, ile watu wanayoiita muhogo, mpaka juu. Chini ya kitanda kuna kiatu kimoja. Kimoja tu, kimewekwa sawasawa, kamba zimefungwa.

Chai nikampa Ambakisye aiingize.

Jumanne, 8 Julai

Tumelala kwa ndugu Mbeya. Leo ndugu wamekusanyika nje ya wodi na nimesikia yote.

Kosa ni la Lusajo. Ndivyo wanavyosema. Baba mdogo, mdogo wake Baba Mkwe, ndiye anayepiga ngoma. Lusajo anakaa garini jioni anasikiliza redio. Anaacha taa. Kaua betri. Mzee akavunjika kwa uzembe wake. Pikapu anyang'anywe, apewe binamu yao wa Kiwira, huyo ana akili. Jumamosi Baba Mkwe akishatoka hospitali kutakuwa na kikao Isongole, yaamuliwe.

Halafu baba mdogo akanigeukia. Kwa furaha kabisa. Tuna fundi wetu, akasema, kwa nini tubishane? Mama Neema akaikague gari, aseme ina nini. Atakachosema ndicho hicho.

Wote wakaitikia. Jamani. Wamempa fisi bucha.

Lusajo kakonda. Alinifuata kwenye bomba la maji, nilipokuwa naosha vikombe. Kasema, "Shemeji, labda kweli niliacha taa. Sikumbuki, lakini labda." Mwanamume wa miaka thelathini na miwili. Ameanza kuamini. Nilitakiwa kusema pale pale. Nikaendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Najichukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 10 Julai

Isongole. Niliamka kumi na mbili, mikono imekufa ganzi. Sakitu kila mahali, hata kwenye kamba ya kuanikia. Hii baridi bosi wangu wa Dar hakuwahi kuiona. Nami nilikuwa nimeiona. Nimeolewa hapa! Nimelala humu na blanketi tatu kila Krismasi na kila msiba wa mwezi wa saba. Halafu nikajaribu gari Ipogolo saa saba mchana.

Wameweka betri ya jirani. Nikawasha. Ikawaka, ikatetemeka, ikazima. Nikawasha tena, nikakanyaga mafuta robo, nikashikilia. Ikakohoa, ikakaa. Nikahesabu. Dakika mbili. Nikaachia. Ikatulia pale, safi kabisa, haina ugonjwa wowote.

Nikabaki nimeshika usukani.

Nilipoinua macho Mama Mkwe alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa. Mlango wa pikapu ulikuwa wazi, alikuwa anautazama mguu wangu kwenye mafuta. Akaenda zake.

Jioni nimemwambia Ambakisye. Yote. Kisha kasema ninyamaze. "Mimi nitasema betri ilikuwa imechoka, si kosa la mtu, yataisha. Mguu utapona. Ukisema, Baba hatakukubali tena, na watasema niliwaletea mwanamke wa spana akamvunja mzee mguu."

Nilimkasirikia sana. Nilimkasirikia kwa sababu nilipenda alichosema.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kabla ya kulala, nisisahau hata neno.

Sebule ilijaa. Baba Mkwe kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Baba mdogo. Wazee wawili wa ukoo. Ambakisye. Lusajo kwenye kigoda karibu na mlango, peke yake. Mimi na Mama Mkwe jikoni, tunamenya viazi. Katikati yetu na wao pazia la kijani. Ndivyo inavyotakiwa.

Baba mdogo alisema kwa muda mrefu. Taa. Redio. Vijana wa siku hizi. Akamaliza na binamu wa Kiwira. Kisha baba mdogo akasema: mwalimu, tuambie, fundi kasemaje?

Ambakisye akasafisha koo. Betri ilikuwa imechoka, akasema.

"Na nani aliichosha?"

Halafu nikasikia sauti ya Lusajo, ya chini kabisa. "Mimi. Nadhani niliacha taa. Naomba mnisamehe. Baba, nisamehe."

Kisu kilinitoka mkononi. Kililia kwenye sakafu.

"Hakuacha taa," nikasema. Kwa sauti. Kupitia pazia.

Mama Mkwe akashika meza. Ee Kyala, akasema, akimwita Mungu. Lakini nilikuwa nimeshaanza na mimi nikianza sijui kusimama. Nikasema nimetoa kitu kwenye injini. Nilikatazwa, nikatoa, nikanyamaza. Lusajo aliniuliza mara mbili, nikamdanganya mara mbili. Betri ilikufa kwa sababu yangu. Mzee alisukuma gari kwa sababu yangu. Nikaishiwa pumzi. Nikakaa chini, uso ukutani, kanga kichwani.

Kisha Baba Mkwe akauliza, "Nani anasema?"

"Mkwe wako," Mama Mkwe akajibu.

Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia jogoo wa jirani. Niliwaza basi la kesho, na kwamba nitarudi kwa wazazi wangu na masanduku.

"Muulize," akamwambia Ambakisye, "hicho kitu kiko wapi."

Kilikuwa mkobani. Nikampa Mama Mkwe, akampa Lusajo pazia likiwa limefunguka kidogo, Lusajo akampa yeye. Nilisikia kitambaa kinafunuliwa.

"Muulize kinafanya kazi gani."

Ambakisye akaja kwenye pazia, nikamnong'oneza, akarudi. Kinapasha maji moto, akasema. Hakipashi maji! Nikamwita, nikamnong'oneza tena. Akarudi. Kinapunguza dizeli wakati wa baridi, akasema. Mume wangu anafundisha Kiswahili na jiografia na anafundisha vizuri. Injini haijui. Na mimi, Mungu anisamehe, pamoja na aibu yote ile, pamoja na machozi, sikuweza kuvumilia.

"Hakipunguzi! Kinaongeza!"

Basi nikaeleza mwenyewe. Nta, baridi, mkono wa pampu. Kwamba kilikuwa kimepasuka, kwamba spea haikuwepo. Kwamba gari inaweza kuishi bila hicho, hata Isongole, ila dereva afanye kwa mguu wake kile ambacho kidude kilifanya. Nikaeleza namna. Nilikuwa nauambia ukuta, lakini nilieleza vizuri, kama ninavyomweleza mteja yeyote.

Nilipomaliza Baba Mkwe akarudia. Polepole, kwa ile sauti yake. "Naweka gia ya kwanza, nawasha, nakanyaga robo..."

"Hapana Baba, gia huru."

Nimemkatiza. Nimemkatiza Baba Mkwe mbele ya ukoo wake. Baba mdogo alivuta pumzi mpaka nikaisikia jikoni.

"Tena," Baba Mkwe akasema.

Nikadhani ananiamuru nirudie tusi langu wote walisikie. Kumbe alitaka maelezo. Nikarudia toka mwanzo. Naye akarudia. Gia huru, nawasha, nakanyaga robo, nashikilia dakika mbili, siachii. Ilikuwa sawa. "Tena," akasema. Tukarudia. Mara tatu, mimi na yeye, pazia katikati, wengine wote wakisikiliza kama watoto wa katekisimu.

Kisha akauliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Baba."

"Dakika mbili."

"Dakika mbili."

Nilisikia anaugeuza mguu, anaguna. Dakika mbili. Nadhani wote mle ndani walikuwa wanazihesabu.

"Lusajo," akasema mwishoni, "chukua ufunguo wako."

Jumapili, 13 Julai

Nimetozwa kuku mmoja kwa kuvunja ukutila. Wazee wamekubaliana asubuhi, kuku jike, mweupe, apelekwe kwa Mama Mkwe. Nimemnunua hapo hapo kwa jirani. Mama Mkwe kampokea kwa mikono miwili, kamfunga mguu, kamweka chini ya meza. Halafu kasema bila kunitazama kwamba alijua toka Alhamisi, alipouona mguu wangu. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mwanangu. Viazi vya kumenya vingeisha."

Kwa kusema nimelipa kuku. Kwa mguu hakuna aliyenidai kitu. Nilingoja mpaka tunaondoka. Hakuna. Ningedaiwa ningelala.

Nilimwomba Lusajo amwambie Baba Mkwe kwamba nitaagiza kidude kipya Dar, nitakuja kukifunga mwenyewe. Lusajo alikwenda akarudi. Jibu: asilete. Kilikuwa kinavuja, kilistahili kutoka.

Nikamuuliza ndiyo hayo tu? Lusajo akatazama pembeni.

"Kasema pia, 'Ila angesema.'"

Ndani ya basi Ambakisye alinishika mkono toka Uyole mpaka Chimala. Chimala tukanunua mchele.

Jumatatu, 21 Julai

Kazi. Lile lori la mbao limerudi, sasa breki.

Leo nimetoa kidude cha baridi kwenye gari ya mwalimu wa Mafinga. Kilikuwa kinavuja. Nimekata kipande cha boksi la vipuri, nimeandika kwa kalamu nene nilichotoa na dereva afanye nini asubuhi, nimekifunga kwenye usukani kwa waya. Nikamsomea. Nikamwambia arudie. Kacheka, kasema fundi, mimi si mtoto. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Alipoondoka nilijiona nimetulia. Halafu nikakumbuka kile kiatu kimoja chini ya kitanda.

Jumatatu, 28 Julai

Ambakisye kaongea na nyumbani. Plasta bado wiki kadhaa. Daktari kasema mfupa unaunga lakini umepinda kidogo, kwa umri wake hawatauvunja tena. Atatembea na fimbo. Atachechemea.

Sikula usiku.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda ibada. Nilifua. Ambakisye na Neema walikwenda.

Saa tatu Lusajo kanitumia ujumbe wa sauti, wa leo asubuhi. Nilikausha mikono, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikasikiliza.

Mlango wa pikapu unafungwa. Stata. Injini inashika, inapanda, inakaa juu. Lusajo amekanyaga. Halafu mbali kidogo, barazani nadhani, sauti ya Baba Mkwe anahesabu. Anahesabu kwa Kinyakyusa, taratibu, mpaka kumi, anaanza upya. Kila anapofika kumi anagonga kitu chini. Fimbo. Nilihesabu naye, kumi kumi, mara kumi na mbili. Dakika mbili. Akasema, achia. Injini ikashuka, ikatulia. Ndoo za maziwa zikagongana nyuma.

Nilidhani imeisha. Lakini Lusajo alikuwa bado anarekodi. Nikasikia fimbo, kisha mguu wa plasta, fimbo, mguu, inakaribia. Kikohozi, karibu kabisa na simu. Halafu anauliza, si Lusajo, si mtu yeyote pale:

"Amesikia?"

Nimesikia, Baba.